Kwa Candiru, Aliyeuliza Nimepikaje

Umekuja na kalamu na daftari la mwanao,
umekaa juu ya mtungi wangu wa maji,
unataka nikutajie vipimo.
Vipimo, Candiru!
Haya, andika.

Kwanza upate mwezi unaokataa kwisha.
Tarehe ishirini na saba inafaa,
mshahara ungali njiani kutoka Kampala,
Baba Thembo yuko lindoni Kotido, simu haishiki,
na yule wa kantini akikuona na sahani
anaanza ghafla kuhesabu viberiti.

Kisha ndizi za juzi.
Si za jana, za jana bado zina kiburi.
Za juzi, zilizolala ndani ya jani lake
hadi zikakauka ukingoni kama kipande cha sabuni,
hizo husikia neno.
Zikate. Kisu changu hakina mpini, tumia chako.

Mchuzi wa maharage ulikuwa vijiko vinne.
Labda vitano. Sikuhesabu,
nilikuwa nikimzuia Thembo asiulambe.

Dagaa niliwakuta chini ya kopo,
vichwa vingi kuliko viwiliwili.
Hapo nilisita.
Kwetu Kasese mama alikuwa na mwiko mmoja wa kusongea
na miiko isiyohesabika ya kulia:
samaki na maharage wasikutane sufuriani,
cha jana kisichanganywe na cha juzi,
mgeni asione ukoko.
Nikaushika ule mmoja
nikaivunja mingine yote.

Mvua ilikuwa inapiga bati.
Unazijua nyumba zetu hizi, mama-ingia-pole,
ukiinama mlangoni umeshafika jikoni,
ukinyoosha mkono umeshafika kitandani.
Sigiri ndani, moshi ndani, watoto watatu ndani,
na mwamba wa Tororo nje umejifunika wingu
kama mtu asiyetaka kuombwa.

Kitunguu nusu. Nyanya iliyolia upande mmoja,
nikaukata upande unaolia.
Chapati ngumu ya Jumapili niliichana vipande,
ikanywa mchuzi, ikasahau umri wake.

Lugha hii ya kambini
waume zetu walipewa pamoja na buti,
sisi tukaiokota mtaroni tukifua.
Ina neno moja ninalolipenda.
Kuunga.
Mfupa huungwa. Kamba huungwa. Mchuzi huungwa.
Unga ulikuwa hakuna,
nikaunga bila unga.

Niliunga kwa nini? Subiri.
Kumbuka ile chupa ya ufuta wa kusaga
uliyonibebea kutoka Arua, Krismasi,
imefungwa ndani ya soksi isivunjike.
Mimi nilijua imekwisha.
Nilitia maji moto, nikakaza kifuniko,
nikatikisa, nikatikisa,
Masika akacheka akidhani nacheza,
na chupa ikatapika weupe wake wa mwisho.
Kwa hiyo hiyo ladha unayoiandikia safari
ilitoka mlangoni kwako.

Iliungua kidogo. Andika: iache iungue kidogo.
Si kwa makusudi. Nilikuwa nimetoka
kukinga maji ya mvua.

Thembo akauliza, mama, hiki kinaitwaje?
Nikamwambia kula kwanza.
Akala. Akarudia. Akakwangua ukoko
hadi sufuria ikapiga kelele,
na swali akalisahau, na mimi sikumkumbusha,
maana jana nimejaribu tena, na ndizi mpya,
na maharage ya kununua, na dagaa wenye miili,
na wapi!
Tulikula tu. Hakuna aliyekwangua kitu.

Hebu nione ulichoandika.
Chumvi.
Ukurasa mzima, Candiru, chumvi peke yake?

Basi, ongeza hapo pembeni:
chumvi yenyewe niliazima kwa Nyakecho,
kifuniko kimoja cha chupa ya soda,
na bado sijarudisha.